Krismasi ya Uzigua: sikukuu iliyolelewa na walimu

Desemba katika Uzigua ni mwezi wa jembe. Vuli ikiwa njema, mahindi yamesimama shambani na kila kaya iko palizini tangu alfajiri. Vuli ikiwa mbaya, watu wanatazama mawingu na kupima kilichobaki ghalani. Joto ni kali, maembe yanaanguka yenyewe chini ya miti, na Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, unaweza kujaa kwa siku moja kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali milimani.

Sikukuu ya Krismasi ililetwa katika wilaya za Uzigua, Handeni na Korogwe, na watu waliozoea kuiadhimisha katika majira mengine kabisa. Kwao Uingereza mavuno huwa yamekwisha, baridi imeingia, na mkulima ana nafasi ya kupumzika. Huku iliangukia katikati ya kazi, chakula kikiwa kimepungua na njia zikiwa na matope. Ili sikukuu kama hiyo ishike, ilihitaji watu wa hapa wa kuibeba: wa kutembea na habari yake kijiji kwa kijiji, kuieleza kwa lugha inayoeleweka, na kuishika hata mwaka ambao mgeni aliyeileta hayupo. Watu hao walikuwapo, na wengi wao walikuwa walimu. Nimeona ni haki historia ya Krismasi katika wilaya hizi mbili isimuliwe wakiwa mbele.

Habari inaanzia Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake UMCA, iliundwa baada ya David Livingstone kuwahutubia wanachuo wa Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza, kule Magomero katika nchi ya Malawi ya leo, lilivunjwa na homa, njaa na vita, na Askofu Charles Mackenzie alifariki huko mwaka 1862. Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja chini ya Askofu William Tozer, akiwa na Edward Steere. Huko ilipokea watoto waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wavulana wakasomeshwa Kiungani, wasichana Mbweni.

Mwezi Juni 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia sahihi. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa palepale sokoni. Kwa Wazigua jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 njaa kubwa ilikuwa imewasukuma Wazigua wengi pwani, na wengi waliishia kuuzwa. Baadhi yao walipelekwa hadi bonde la Mto Juba, Somalia, ambako wajukuu zao wameendelea kusema Kizigua mpaka zama zetu. Zaidi ya karne moja baadaye, vita vya Somalia viliwarudisha baadhi ya wajukuu hao Handeni wakiwa wakimbizi, wakapewa makazi Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Basi Krismasi ile ya Mkunazini, iliyofanyika juu ya udongo wa mnada wa watu, haikuwa habari ya mbali kwa nchi iliyopoteza watoto wake kwa biashara hiyo.

Kutoka Unguja misheni ilivuka kwenda bara. Kituo cha Magila, katika nchi ya Wabondei karibu na Muheza, kilianzishwa mwaka 1868, na mwaka 1875 John Prediger Farler akaja kukiimarisha. Kutoka Magila kazi ilipanuka kuelekea magharibi. Miaka ya 1890 kituo kilifunguliwa Korogwe, kando ya Mto Pangani, mahali ambapo baadhi ya vijiji vya Wazigua vilikuwa vimejengwa juu ya visiwa vya mtoni ili kujikinga na wavamizi. Herbert Woodward alikuwa miongoni mwa wamisionari waliotumikia eneo hilo kwa muda mrefu zaidi. Aliandika juu ya Kibondei, na mwenzake Walter Kisbey akaandika juu ya Kizigua. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kideleko, karibu na mji wa Handeni, ilikuwa tayari ni kituo katika kitovu cha Uzigua. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilifika Korogwe mwaka 1902. Handeni haikuwa na reli. Huko mtu alikwenda kwa miguu.

Katika vituo hivyo maandalizi ya Krismasi yalichukua majuma mengi. UMCA ilifuata desturi za Kianglikana zilizo karibu sana na za Kikatoliki: ubani, mishumaa, Misa ya kuimbwa, maungamo. Wakati wa Majilio walimu walipeleka habari katika vijiji vyenye shule ndogo za misheni, wakiwakumbusha Wakristo tarehe, kwani kalenda ilikuwa kwa mwalimu. Kijijini mwezi ulihesabiwa kwa kuandama kwake na mwaka kwa mvua zake. Aliyejua kwamba keshokutwa ni mkesha wa Krismasi ni yule kijana mwenye kitabu, aliyesomea Magila au Kiungani.

Siku chache kabla ya sikukuu watu walianza kuwasili kituoni. Waliotoka mbali walikuja kwa makundi, kwa sababu porini Handeni kulikuwa na simba na chui. Wanawake walibeba unga, maharage na watoto. Wanaume walibeba kuku, mikeka, na mara nyingine mgonjwa wa kupelekwa kwa muuguzi. Walilala kwa ndugu, darasani, au barazani. Padre aliketi kanisani saa nyingi akisikiliza maungamo. Kanisa lilikuwa na nidhamu kali: aliyeoa mke wa pili, au aliyeshiriki ngoma na matambiko yaliyokatazwa, aliwekwa kando asipokee Komunyo mpaka apatanishwe. Kwa hiyo siku za kuelekea Krismasi zilikuwa pia siku za kesi, za wazee kukaa chini ya mwembe na kutafuta njia ya kumrudisha mtu mezani. Hapo neno la mwalimu lilikuwa zito, kwa maana yeye ndiye aliyeishi na watu hao mwaka mzima na kujua nani ametubu kweli.

Usiku wa mkesha kanisa lilijaa. Lilikuwa limepambwa kwa makuti na maua mekundu ya miti inayochanua Desemba. Injili ilisomwa kwa Kiswahili. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alikuwa ametumia miaka yake Unguja kutafsiri Maandiko na sala, na kufikia miaka ya 1880 Agano Jipya lote lilikuwa limechapishwa. Mzigua aliyelala njiani usiku mbili alisikia habari ya mama aliyesafiri akiwa na mimba akakosa mahali pa kulala. Hakuhitaji kufafanuliwa sana. Wachungaji waliolinda kundi usiku, serikali ya mbali iliyoamuru watu wahesabiwe, mtoto aliyezaliwa safarini: mambo haya yote watu wa hapa waliyajua kwa macho yao. Serikali ya Wajerumani nayo ilikuwa ikiwahesabu watu kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Asubuhi, baada ya Misa, kulikuwa na wali na nyama, michezo ya watoto, mpira, na ngoma zile ambazo padre hakuzikataza. Mara nyingine watoto wa shule walipewa kanzu au kitambaa kutoka katika masanduku yaliyotumwa na wafadhili wa Uingereza. Kisha mmisionari aliketi na kuandika barua. UMCA ilikuwa na jarida lake la kila mwezi, Central Africa, lililoanza mwaka 1883, na wasomaji wake walipenda habari za sikukuu katika nchi ya joto. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya maandishi tuliyorithi kuhusu Krismasi hizo imetoka katika kalamu ya mgeni aliyekuwa kituoni. Mwalimu aliyekwenda kijijini kuwaita watu hakuwa na jarida la kuliandikia.

Hata hivyo, katika ngazi za Kanisa wenyeji walikuwa wakipanda. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890. Wabondei Samwil Sehoza na Petro Limo nao wakawa mapadre miaka mingi kabla ya vita. Askofu Frank Weston, aliyeshika Dayosisi ya Zanzibar mwaka 1908 pamoja na vituo hivi vyote vya bara, alitilia mkazo sana malezi ya mapadre Waafrika. Thamani ya kazi hiyo ilionekana wazi vita vilipofika.

Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani. Wamisionari wa UMCA waliokuwa bara walikuwa raia wa nchi adui ndani ya koloni la Wajerumani. Walikamatwa, mapadre, walimu na wauguzi, na hatimaye wakapelekwa Tabora. Ernest Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, alikuwa bara vita vilipoanza, akafungwa pamoja na wenzake, na mwaka 1917 akachapisha kitabu kuhusu miaka miwili ya kifungo hicho. Krismasi ya 1914 na ya 1915 zilimkuta chini ya ulinzi.

Vituo vya Korogwe na Kideleko vilibaki mikononi mwa watu wa hapa. Inafaa kueleza jambo hili lilimaanisha nini. Kwa kanuni ya Kianglikana, mwalimu asiye padre anaweza kuongoza sala za asubuhi na jioni, kufundisha, kuzika, na kumbatiza aliye katika hatari ya kufa. Hawezi kuadhimisha Misa. Sikukuu ambayo moyo wake ni Misa ya usiku, katika nchi yenye vituo vilivyotengana kwa siku za kutembea, ikabaki na mapadre Waafrika wachache na walimu wengi. Mahali padre alipoweza kufika, watu walipata Komunyo. Pengine pote, Krismasi ilikuwa mwalimu, kitabu cha sala, zaburi zilizokwisha kukaririwa, na waumini waliokusanyika bila kuitwa na mgeni yeyote.

Na walimu wenyewe hawakuwa salama. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza kutoka India lilishindwa vibaya na Wajerumani walioongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, kila aliyesoma kwa Waingereza alitazamwa kama mpelelezi. Mapadre na walimu Waafrika wa misheni walikamatwa, wakafungwa minyororo na kufanyishwa kazi ngumu. Samwil Sehoza alikuwa mmoja wao. Vita vilipokwisha aliandika kitabu kwa Kiswahili, akakiita Mwaka katika Minyororo. Jina la kitabu linatosha kutufikirisha: katika mwaka mzima wa kifungo kuna Krismasi moja. Padre ambaye kwa miaka mingi alikuwa amesimama madhabahuni usiku ule, aliupitisha akiwa mfungwa. Martin Kayamba, Mbondei mwingine aliyesomea Kiungani, naye alifungwa Tabora, na baadaye akasimulia maisha yake katika kitabu cha Margery Perham cha 1936. Watu hawa waliandika wenyewe yaliyowapata, na maandishi yao ni hazina ambayo shule zetu zingefaa kuitumia.

Juni 1916 majeshi ya Jan Smuts yaliteremka na bonde la Pangani. Korogwe ilitekwa, kisha Handeni. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na wafungwa wakawa huru. Lakini Handeni haikupata raha. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na watu. Vijana walikokotwa kuwa wapagazi. Askofu Weston mwenyewe, mwaka huohuo, aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akitembea nao, kwa sababu aliona jinsi wapagazi walivyokufa kwa kukosa mtu wa kuwatetea. Njaa ikafuata vita. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, na wakati huohuo homa ya mafua iliyoenea duniani ilikuwa ikipita Afrika Mashariki. Krismasi ya 1918 ilikuwa Krismasi ya amani, lakini ilikuta nyumba nyingi zenye msiba.

Wamisionari waliporudi walikuta makanisa yana watu. Huo ndio ukweli ninaotaka msomaji aushike. Kama sikukuu ingekuwa mali ya wageni, miaka ile ya kuondoka kwao ingetosha kuifuta. Haikufutika, kwa kuwa tayari ilikuwa imekaa katika nyumba za walimu, kwa mama zao waliokariri sala bila kujua kusoma, na kwa wazee waliotunza funguo za kanisa.

Katika miaka ya utawala wa Waingereza sikukuu ilipanuka. Watawa wa kike wa Shirika la Mateso Matakatifu, lililoanzishwa na Askofu Weston mwaka 1911, walitumika Magila, Korogwe, Kideleko na baadaye Kwamkono, wakiwauguza watu na kufundisha. Mtawa anayetumika wodini hana likizo ya Krismasi. Mama mjamzito hangoji Misa iishe, na malaria hupamba moto baada ya mvua. Mara nyingi sikukuu yao ilikuwa kupita kitanda kwa kitanda alfajiri, na pamoja nao wasaidizi wa kike wa Kizigua na Kibondei, ambao baadhi yao walikuja kuwa wauguzi wa kwanza wenye vyeti katika koo zao.

Kando ya reli, Korogwe ilikuwa imebadilika kwa sababu ya mkonge. Zao hilo, lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, lilitandaza mashamba kuanzia Tanga hadi bonde la Pangani: Magunga, Ngombezi, Hale na mengineyo. Manamba walikuja kutoka mbali, wengine Wakristo wa misheni nyingine kabisa. Siku ya Krismasi kanisa la Korogwe likawa na lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtu wa kutoka kusini au magharibi, aliye mbali na kwao kwa mkataba wa kazi, alipata siku hiyo watu wa kumuuliza jina lake na la baba yake.

Kuna upande mwingine ambao barua za misheni ziliugusa kidogo tu, nao ni Uislamu. Njia za misafara kutoka Pangani na Saadani zilikuwa zimeupeleka Uislamu Uzigua sambamba na misheni. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880, alikuwa Mzigua na Mwislamu. Leo Handeni ni wilaya yenye Waislamu wengi, na koo nyingi zina watu wa dini zote mbili chini ya paa moja. Kutokana na hali hiyo ilikua desturi ambayo kila Mtanzania anaijua: siku ya Krismasi kisu hupewa jirani Mwislamu, ili mbuzi achinjwe kwa namna itakayowaruhusu wote kula. Sahani za pilau huvuka uani. Ikifika Idi, sahani hurudi. Hakuna askofu wala shehe aliyeandika kanuni hiyo. Ni watu wa kawaida waliokataa sikukuu igawe ukoo, na mimi naiheshimu sawa na jengo lolote la kanisa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, uongozi wa Kanisa nao ulipita kwa wenyeji. John Sepeku aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1963, na mwaka 1970 akawa askofu mkuu wa kwanza wa Kanisa Anglikana la Tanzania. UMCA yenyewe iliunganishwa na shirika jingine mwaka 1965, na jina lake likabaki katika kumbukumbu. Mwaka 2001 Zanzibar na Tanga zikawa dayosisi mbili. Kanisa kuu la Dayosisi ya Tanga liko Korogwe, na askofu wake, Maimbo Mndolwa, alichaguliwa kuwa askofu mkuu wa Tanzania mwaka 2018. Mji uliokuwa kituo kidogo kando ya mto ukawa mahali ambapo askofu wa dayosisi huadhimisha Krismasi.

Miaka migumu haikukosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa foleni na vibali, na mzazi aliyeweza kumvika mtoto nguo mpya ya sikukuu alikuwa amehangaika miezi. Watu walikunywa chai ya chumvi wakaenda mkeshani.

Siku hizi Desemba inapoanza, barabara ya Segera kwenda Moshi inajaa mabasi ya watu wanaorudi Kilimanjaro kwa ajili ya sikukuu, na Korogwe ni mahali pao pa kula na kunyoosha miguu. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, inapita hapo pia. Abiria wengi wanaijua Korogwe kama kituo cha njiani tu. Hawajui kwamba mji huu una Krismasi yake, ya zaidi ya miaka 100, iliyopita katika minyororo, njaa na mafua bila kukatika.

Katika parokia zetu kongwe kuna vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi. Humo mna majina ya wazazi wa ubatizo, ya mashahidi, na ya walimu waliowafundisha watu hao. Mchwa na unyevu ni adui wa karatasi, na kila mwaka unaopita unapunguza kinachosomeka. Vipigwe picha, vinakiliwe, na vijana wa parokia wakae na wazee kuuliza mwalimu fulani alitoka ukoo gani, alifundisha kijiji gani, na aliishije miaka ya vita. Majina ya maaskofu tunayo tayari. Tunaowadai ni wale waliokwenda kijiji kwa kijiji kuwaambia watu kwamba siku imefika.